Utepe Uko Kazini

Inatangazwa kwa wananchi wote, wajawazito na wasio wajawazito, kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa mbili kamili asubuhi, kuzaliwa ovyo ovyo kumekoma.

Hivyo ndivyo ulivyoanza Waraka Namba Kumi na Moja wa Wizara. Aliyeuandika alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, kalamu mbili mfukoni, tai imefika usawa wa mkanda. Cheo chake kilikuwa Mratibu wa Uzazi wa Kisasa Vijijini. Aliuandika kwa miezi minane, na wale wa ofisi ya jirani walipomtania kwamba waraka unakaribia siku zake, aliwajibu bila kucheka kwamba nyaraka za Serikali hazizaliwi kabla ya wakati.

Kila kifungu alikipenda, lakini vipo alivyovipenda zaidi. Kifungu cha nne kilisema kwamba mtoto atatoka akitanguliza kichwa, na mtoto mwenye mpango mwingine atapelekwa hospitali ya wilaya kabla ya kuutekeleza. Kifungu cha sita kiliagiza vifaa vya wakunga wa kienyeji vichukuliwe, na wenyewe wapewe stakabadhi. Kifungu cha tisa kilimkataza mtu yeyote asiye na kibali cha Wizara kumkaribia mwanamke mwenye uchungu kwa chini ya hatua tano. Hicho kilikula vikao viwili, kwa sababu mjumbe mmoja mrefu na mjumbe mmoja mfupi hawakuelewana hatua ni kitu gani, mpaka Mratibu alipowapatanisha kwa kuongeza maneno haya: "za mtu mzima wa kawaida asiye na haraka."

Kifungu cha kumi na mbili kilikataza chumba chochote kipya cha kujifungulia kutumika kabla hakijazinduliwa. Sababu yake ilikuwa nzito. Chumba kisichozinduliwa hakijapata ruhusa ya kufanya kazi, na mtoto aliyezaliwa humo atakuwa amezaliwa ghalani. Kuhusu utepe wa uzinduzi hapakuwa na la kuongeza, kwani itifaki ya zamani ilikwisha kusema: utepe wa Serikali hukatwa na Naibu Waziri au aliye juu yake.

Wakati huo nafasi ya Mkurugenzi ilikuwa wazi, na Mratibu aliitaka mpaka akawa anaiota mchana. Naibu Waziri alimwita ofisini akamwambia waziwazi, "Nipe kijiji kimoja safi. Siku thelathini, asizaliwe hata mtoto mmoja kwenye mikono ya mkunga wa kienyeji. Siku ya thelathini nakuja kuzindua chumba, na palepale, mbele ya wapiga picha, natangaza jina lako."

"Kijiji gani, Mheshimiwa?"

"Chagua unachokijua."

Mratibu alichagua kijiji alichozaliwa. Njia aliijua, na mkunga wake pia alimjua. Tuseme ukweli, mkunga ndiye aliyemjua yeye zaidi.

*

Bibi Mkunga alikuwa kibarazani, anakunja taulo. Alimwona Mratibu akishuka kwenye gari la Wizara, naye hakuacha kukunja.

"Karibu, Miguu."

"Shikamoo, Bibi. Naomba leo uniite Mratibu."

"Marahaba. Mratibu ndiyo nini?"

"Ni mtu anayehakikisha kila jambo linakwenda kwa utaratibu."

"Basi umebadilika sana, mjukuu wangu. Siku unakuja duniani ulitanguliza miguu kama mtu anayeshuka ngazi. Nusura tumzike mama yako."

Dereva wa Wizara aliinama ghafla kukagua tairi, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu kuliko tairi linavyohitaji kukaguliwa.

Mratibu alifungua jalada akamsomea Waraka wote kwa sauti ya kikao. Bibi alisikiliza mikono imetulia magotini, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Alipomaliza, Mratibu aliuliza kama ameelewa.

"Sauti nimeisikia. Niachie na karatasi."

Mratibu alimwachia nakala moja, akiamini moyoni kwamba jioni ataiwashia jiko. Kisha akaanza kuorodhesha vifaa. Beseni moja la bati. Taulo nne. Sabuni vipande viwili. Nyembe mpya, pakiti moja, haijafunguliwa. Kidonge cha uzi mweupe.

"Uzi wa nini?"

"Wa kufungia vitovu. Nauchemsha kwanza."

"Huu utakwenda wilayani kama kielelezo," alisema Mratibu, akauweka kando kwa vidole viwili. Alijaza stakabadhi, akaipiga muhuri, akampa. Bibi aliisoma pande zote mbili, hata upande usioandikwa kitu, akaikunja akaitia kwenye upindo wa khanga.

"Na mdogo wako je?" aliuliza. "Siku zake ziko karibu. Mwezi huuhuu."

"Atajifungulia chumba kipya. Nesi mkunga wa Wizara atafika kila Jumanne na Alhamisi, saa nne mpaka saa nane, ukitoa nusu saa ya chai."

"Umemwambia mtoto?"

Mratibu alipekua jalada. Swali hilo halikuwa na mahali pa kuandikwa kwenye fomu.

"Haya," alisema Bibi. "Lakini uchungu ukimshika, walau naruhusiwa kumshika mkono?"

"Lete ombi kwa maandishi," alisema Mratibu, akaondoka akiwa ameridhika.

Dada yake huyo alikuwa kitinda mimba wa mama yao. Aliolewa na fundi seremala wa kijijini, kijana mpole mwenye penseli sikioni tangu asubuhi mpaka anapolala. Mratibu aliwakuta uani. Fundi alikuwa anapiga randa mbao za kitanda kidogo, na dada ameketi juu ya gogo, mkono mmoja kiunoni, mwingine tumboni, kama mtu anayelinda mzigo stendi.

"Kaka, nimesikia Bibi umemnyang'anya beseni."

"Nimelihifadhi. Nimempa stakabadhi."

"Mimi mimba mbili zimeharibika, unajua. Ulituma barua za pole." Alitazama chini. "Hii imefika. Nataka mikono ya Bibi."

"Utapata mikono ya Serikali."

"Serikali ina mikono mingapi?"

"Kwa kijiji hiki, miwili. Jumanne na Alhamisi."

Fundi aliacha kupiga randa. "Shemeji, na ikiwa Jumatano?"

"Tusianze kukatishana tamaa," alisema Mratibu.

Dada yake alimshika tai, kama alivyokuwa akimshika shati zamani akiogopa kuvuka barabara. "Niahidi hutaniacha."

"Bila shaka," alisema Mratibu, kwa sauti ileile anayotumia kujibu barua. Lakini alichelewa kidogo kuiondoa tai mkononi mwake.

*

Siku ishirini na tisa zilipita salama. Hakuna aliyezaliwa. Mwanamke mmoja alikwenda kujifungulia kwa wazazi wake upande wa pili wa mto, akahesabiwa kama mafanikio.

Siku ya thelathini ilikuwa Jumatano.

Chumba cha Uzazi wa Kisasa kilikuwa tayari, kimepakwa rangi ambayo bado ilikuwa inanuka, na ndani yake kitanda cha kujifungulia kimefungwa nailoni ili kisichakae. Mlangoni palikuwa na utepe mwekundu, mpana kama vidole vitatu, umefungwa kwa fundo la ua ambalo Mratibu mwenyewe alilifunga, akalifungua, akalifunga tena mara nne. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Nje kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe na jiko linalochemsha maji ya chai ya wageni. Pembeni liliwekwa benchi jipya lililotengenezwa na Fundi, la waheshimiwa kukalia.

Mgeni alitarajiwa saa tatu. Saa nne simu ilisema kwamba msafara umesimama njiani, Mheshimiwa anazindua bomba. Saa nne na robo ikasema bomba limekwisha, sasa anazindua daraja. Daraja hilo lilizinduliwa mwaka jana, ila picha hazikutoka vizuri.

"Na nesi?" aliuliza Mratibu.

"Yuko gari la pili. Kwenye ratiba anashuka mbele ya watu, akiwa na maua. Ni tukio namba nne."

"Na gari la wagonjwa?"

"La tatu. Limebeba spika."

Mratibu alikuwa bado ameshika simu alipoona mkokoteni ukikata kona. Fundi alikuwa anausukuma kwa kasi, penseli imemdondoka, na juu ya godoro alilala dada yake, wanawake watatu wakikimbia kandokando. Bibi Mkunga alikuja nyuma yao, hatembei haraka wala polepole, kabeba kigoda mkono mmoja na Waraka mkono wa pili.

"Shemeji, fungua!"

"Shemeji, leo ni Jumatano."

"Najua ni Jumatano! Niliuliza!"

"Chumba hakijazinduliwa," alisema Mratibu. "Subirini kidogo tu. Mheshimiwa yuko darajani."

"Kaka," alisema dada yake, jasho likimtiririka, "huyu hana ratiba."

Mratibu alimgeukia Bibi. "Bibi, mwangalie basi."

Bibi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mkokoteni. Badala ya kujibu, aliugeuzia mgongo akaanza kutembea. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akaweka kigoda, akaketi, akavaa miwani, akafungua Waraka. Ulikuwa umechorwa mistari kwa kalamu ya risasi.

"Kifungu cha tisa," alisema. "Hatua tano za mtu mzima wa kawaida asiye na haraka. Ziko sawa, au nipime tena?"

"Bibi, wewe unajua kusoma?"

"Miaka sita ya masomo ya watu wazima, darasa la jioni. Mwalimu alisema nina mwandiko mzuri kuliko daktari." Alifunua ukurasa. "Huyo mtoto nilimpapasa kabla hujanikataza. Alikuwa amekaa kama mfalme, kichwa juu. Mtazameni kama amegeuka."

Mmoja wa wale wanawake aliinama chini ya khanga, akaibuka polepole.

"Nimeona unyayo," alisema.

Kifungu cha nne, alichokipenda kuliko vyote, kilikuja kichwani mwa Mratibu kizima, pamoja na nukta zake. Mtoto alikuwa na mpango mwingine. Alipaswa kupelekwa hospitali ya wilaya, mwendo wa saa mbili, kwa gari lililokuwa limebeba spika.

Alitazama utepe, kisha barabara, ambako hapakuwa na vumbi lolote la msafara. Kama chumba kitatumika kabla ya Mheshimiwa kufika, ukurugenzi umekwenda na maji, na huenda hata huo uratibu akaumwaga kama unga. Akasikia tai inavutwa. Dada yake hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha.

"Kaka. Uliahidi."

Mratibu alimgeukia tena Bibi. "Bibi, nakuomba."

"Kuomba si kibali."

"Bibi, nakupigia magoti!"

"Utachafua suruali. Lete kwa maandishi. Tunao muda wa mistari mitatu. Ukiandika hotuba, hatunao."

Mratibu alipindua ratiba ya sherehe akaandika nyuma yake, akiegemea ubavu wa mkokoteni: *Mwenye karatasi hii ni Mkunga wa Serikali katika chumba hiki, kwa kila uzazi, hadi Waziri atakapoamua vinginevyo kwa maandishi.* Desturi ni desturi, na sentensi ilitoka nzima bila kosa. Akatoa muhuri mfukoni, akaupumulia, akagonga.

Bibi aliisoma. "Tarehe."

Aliandika tarehe.

Hapo Bibi aliinuka kama gari lililoachiwa breki. "Mlango! Wewe, toa nailoni kitandani. Wewe, lete yale maji ya chai. Fundi, acha kulia, shika upande wa kichwani."

Mratibu alifungua kufuli, lakini utepe hakuugusa. Aliwaamuru wanawake wawili wauinue kwa mafagio, na mkokoteni ukapita chini yake polepole, dada yake akiwa amelala chali, akitazama ua jekundu likipita juu ya pua yake.

"Kaka," alisema kati ya uchungu na uchungu, "siku moja nitakucheka kwa hili. Siyo leo."

Ndani, Bibi alinyoosha mkono na kumpa Mratibu ile stakabadhi. "Vitu vyangu."

Mratibu alikimbilia kabati la kona, alimovifungia kwa mihuri. Akarudi na beseni, taulo, sabuni na nyembe.

"Uzi?"

"Uko wilayani. Ni kielelezo."

"Kwa hiyo kitovu atakifunga wilaya?" Bibi alikuwa ananawa mikono mpaka viwikoni. Alitazama huku na huku chumba kizima, chenye mabango sita ya uzazi salama na hakuna hata kipande cha kamba, kisha macho yake yakatua mlangoni. "Kile kitu ni safi?"

"Kile ni utepe wa Serikali, Bibi."

"Nimeuliza kama ni safi."

"Ni mpya. Hajaugusa mtu isipokuwa mimi."

"Kata. Pasua nyembamba. Chemsha."

Itifaki ya nchi nzima ilimjua mtu mmoja tu wa kukata utepe huo, na mtu huyo wakati ule alikuwa kwenye daraja akipigwa picha upande wake mzuri. Mratibu alichukua wembe. Alifumba macho. Ua alilolifunga mara tano lilianguka kwa kishindo kidogo ambacho hakuna aliyekisikia ila yeye. Kisha akasimama kwenye jiko la wageni, anakoroga vipande vya utepe kwenye sufuria ya chai ya Mheshimiwa, maji yakigeuka mekundu.

Alipovipeleka, Bibi alimfungia mlango usoni. Akabaki nje, paji la uso limebanwa kwenye rangi mbichi.

"Usisukume bado," sauti ya Bibi ilisema. "Pumua. Hakuna mtu kumvuta huyu mtoto, nimesema hakuna. Aje mwenyewe. Miguu hiyo… kiuno… mwacheni aning'inie. Sasa. Sasa, mwanangu, kwa nguvu zako zote!"

Dada yake alipiga ukelele mmoja mrefu. Kisha chumba kikanyamaza.

Mratibu alikuwa ameandika katika maisha yake ripoti nyingi juu ya vifo vya watoto wachanga, na zote zilikuwa na majedwali mazuri. Katika ule ukimya hakukumbuka hata jedwali moja. Alikumbuka barua za pole alizomtumia dada yake, kwamba ya pili aliinakili kutoka ya kwanza na kubadilisha tarehe.

Ndipo mtoto akalia, kwa hasira, kama mtu aliyekalishwa foleni kutwa kisha akaambiwa aje kesho.

Mratibu aliketi chini palepale, suruali ikachafuka.

*

Msafara uliingia saa sita, ving'ora mbele, spika nyuma. Nesi alishuka na maua kwa mujibu wa ratiba. Naibu Waziri alishuka akitabasamu, akachukua mkasi kutoka kwenye mto mdogo wa hariri, akapiga hatua tatu, akasimama.

"Utepe uko wapi?"

Mlango ulifunguka, akatokea Bibi Mkunga anafuta mikono.

"Uko kazini, Mheshimiwa."

"Kazini wapi?"

"Kitovuni. Ni mtoto wa kiume. Ametanguliza miguu, mama hajambo."

Mpiga picha mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Naibu Waziri alisogea mlangoni. Bibi alimzibia njia, akampima kwa macho kutoka viatuni mpaka nywele.

"Una kibali cha Wizara?"

"Mimi ndiye Wizara!"

"Kwa maandishi?"

Nesi, ambaye kibali chake kilining'inia shingoni, alinawa mikono akaingia. Alikaa humo robo saa, akatoka bila maua. "Wote wazima," alisema. "Mimi huyu ningempeleka wilayani, na nadhani tusingefika."

"Nani amemruhusu huyu mama?" alifoka Naibu Waziri.

Bibi alimwonyesha ile karatasi kwa mbali, bila kuiachia. Naibu Waziri aliisoma, mishipa ya shingo ikimsimama. "Hii naifuta sasa hivi."

"Imeandikwa hadi Waziri atakapoamua. Wewe ni Waziri, au Naibu?"

"Naibu," alisema Naibu Waziri.

"Basi kaa kwenye benchi, baba. Umbali wake nimeupima, ni hatua tano."

Hotuba ilisomwa hapohapo benchini, mbele ya dirisha lililofungwa, na picha zikapigwa Mheshimiwa akikata hewa. Mratibu alisimama pembeni akisubiri ukurasa wa sita, wenye jina lake. Naibu Waziri alilowesha kidole, akafunua kurasa mbili kwa pamoja, kutoka wa tano kwenda wa saba. Watu walipiga makofi. Mratibu naye alipiga.

Baadaye Bibi alimpa mtoto ampakate. Nyayo zilikuwa zimevilia damu kidogo, na tumboni palikuwa na fundo dogo jekundu.

"Haya," alisema Bibi, "sasa Miguu mko wawili."

*

Wizara ilimwandikia Mratibu ajieleze ndani ya siku saba kwa nini asifukuzwe kazi kwa kukata utepe bila kuwa na cheo cha kuukata. Kabla barua haijafika, magazeti yalifika. Picha ya Mheshimiwa akikata hewa haikutoka popote. Iliyotoka ilikuwa ya tumbo la mtoto, karibu kabisa, na juu yake maneno makubwa: SERIKALI YAFUNGA KITOVU. Waziri mwenyewe alipigiwa simu za pongezi kutoka nchi tatu, na kwa kuwa hakujua anapongezwa kwa lipi, alikubali zote.

Jumatatu Mratibu aliitwa. Hakuulizwa habari za kufukuzwa. Aliambiwa aandike haraka Waraka Namba Kumi na Mbili, kwamba kila mtoto wa nchi hii atafungwa kitovu kwa utepe mwekundu wa Serikali, mita moja kwa kila uzazi, uliochemshwa. Ukurugenzi, aliambiwa, ulishapata mtu mwingine, asiye na doa. Yeye aandike tu.

Mratibu aliandika kwa siku mbili. Aliandika vizuri, kama kawaida yake. Mwishoni, kwa herufi ndogo, aliongeza kifungu kimoja: *Kwa kuwa utepe huu ni mali ya Serikali, ukataji wake katika kila uzazi utafuata itifaki iliyopo.* Watu wengine wanasema alifanya makusudi. Wanaomjua wanasema hapana, alikuwa mtu wa kufuata taratibu tu. Dada yake alipoulizwa, alicheka mpaka mtoto akaacha ziwa.

Waziri alitia saini bila kusoma, kama ilivyo heshima kwa waraka uliopangwa vizuri.

Ilipogundulika kwamba sasa utepe wa kila kitovu lazima ukatwe na Naibu Waziri au aliye juu yake, kamati iliketi. Kuufuta Waraka ingekuwa kukiri kwamba Serikali ilikosea, na kuibadili itifaki ingekuwa kukiri kwamba ilikosea zamani zaidi. Waziri alikuwa juu ya Naibu, lakini alikuwa na shughuli. Kwa hiyo kamati iliamua kwa kauli moja kwamba hakuna tatizo. Kazi ianzie kijiji cha mfano, mengine yatafuata. Ile karatasi ya Bibi kuwa Mkunga wa Serikali ilibaki kama ilivyo, maana aliyetakiwa kuifuta alikuwa na shughuli.

Basi ukipita kijijini leo utamkuta Naibu Waziri kwenye benchi la Fundi, mikono ya shati imekunjwa, mkasi umezama kwenye sufuria mbele yake, anapuliza moto. Mkasi anaukabidhi ndani kupitia dirishani upimwe usafi, anarudishiwa, anakata mita moja, anachemsha. Mara mbili za kwanza Bibi alimkataa kwa sababu ya kucha. Mratibu, ambaye aliomba mwenyewe kuhamishiwa huko, ndiye anayemshikia taulo, na shingoni ana kibali chake kipya cha msaidizi wa mkunga, daraja la tatu.

Wiki iliyopita alishikwa na uchungu mke wa mwenye duka. Alianza asubuhi. Mpaka saa sita ilikuwa bado.

"Bibi," Naibu Waziri aliita dirishani, akiangalia saa yake, "bado sana? Saa nane nina kikao na Waziri."

Bibi Mkunga alitoa kichwa, akamtazama juu ya miwani.

"Umemwambia mtoto?"